Laki nane na nusu, mashine ya kuhariri video na ya nyumbani, niko Mtwara mjini. Nichague vipuri gani?

Kijana wa Chikongola

Wakuu kwema?

Naenda moja kwa moja. Natengeneza kadi za harusi, mabango ya maduka, na nahariri video za sherehe. Likizo ya shule ikifika kazi za unyago zinamiminika, na mimi bado nahangaika na laptopu ya shemeji, ambaye siku hizi akinisikia mlangoni anaificha.

Bajeti ni 850,000. Kioo cha inchi 22, kibodi na mausi ninavyo. Nataka mashine ya Photoshop na Premiere, watoto wa dada wasomee hapo hapo, na jioni tucheze mpira kidogo.

Nimeangalia video nyingi za watu wanaounda mashine, nikaandika orodha yangu: prosesa Ryzen 5 5500, madabodi ya A520, RAM GB 8 ya DDR4 kijiti kimoja, SSD ya GB 256, kadi ya picha GT 1030, na kasha lenye taa ambalo linakuja na pawa saplai yake ya wati 500. Duka moja la Kariakoo wamenipigia hesabu kwa simu, imetoka 1,010,000. Sasa nimeanza kukata. Nimeona niondoe kadi ya picha kwanza, nitaiongeza korosho zikilipwa. Mnasemaje?

Fundi Ligula

Simama hapo hapo mkuu, usitume hela.

Ryzen 5 5500 haina picha ndani yake. Ukiondoa kadi, feni zitazunguka, taa zitawaka, kioo kitabaki cheusi. Kwa AMD, ndio wenye Ryzen, za soketi ya AM4, zenye picha ndani ni zile zenye herufi G mwishoni, kama 3200G na 5600G. Kwa Intel ni kinyume: nyingi zinayo, isipokuwa zenye F. i3-12100 inayo, i3-12100F haina. Na hizo F ndizo muuzaji atakutajia kwanza kwa sababu bei yake inavutia.

Hilo dogo. Linaloniumiza ni hiyo pawa saplai ya bure inayokuja na kasha. Ninayo moja mezani hapa imeletwa imekufa pamoja na madabodi. Ubavuni imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Shuka chini kwenye jedwali dogo: +12V, 18A. Prosesa na kadi ya picha vyote vinakula kwenye laini ya volti 12. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai uliyonunua, hizo nyingine ni mapambo. Pawa saplai ya kweli ya wati 450, laini yake ya volti 12 peke yake inakaribia hizo 450. Nimeifungua pia: pale mlangoni umeme unapoingilia, kwenye ubao zimechorwa nafasi za koili na kapasita za kuchuja umeme, nafasi zipo tupu, wameunganisha kwa vipande vya waya. Ukiishika mkononi ni nyepesi kama maganda ya korosho.

Na umeme wetu mnaujua. Gesi inatoka Msimbati hapo, lakini jioni taa zinafifia vile vile, zinakatika, zinarudi kwa kishindo. Kile kishindo cha kurudi ndicho kinacholeta wateja kwangu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na najua kuna watu watapinga: usianze na prosesa, anza na umeme. Tenga kwanza hela ya UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, yenye AVR ndani, yaani kirekebisha volti. Kinachobaki, tafuta mashine ya ofisi ya mtumba, Intel kizazi cha 8 (namba yake inaanza na 8, kama i5-8500), kasha pana linalosimama. Vipuri vipya kimoja kimoja kwa laki nane na nusu kwa bei za sasa havitoshi. Ukilazimisha vitoshe, utabana kwenye pawa saplai, na pawa saplai ikifa haifi peke yake.

Mpitanjia

Nimekaa pale. Swali moja tu, shemeji naye yumo humu?

Mwana Kilwa

Fundi, kwa heshima zote napinga. Mashine za ofisi unanunua kitu kilichofungwa. Pawa saplai yake haibadilishiki kirahisi, madabodi yake ni ya kipekee, kasha lake halipokei kadi kubwa. Mwaka kesho kijana akitaka kuongeza anaanza upya.

Mimi ningemwambia achukue 5600G. Viini 6, nyuzi 12, picha ya Vega ndani, wati 65. Madabodi ya B450 au A520, pawa saplai ya jina yenye nembo ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, kasha la bei poa lisilo na taa. Aanze bila kadi kabisa. Akipata hela anaweka kadi yoyote, na siku moja anaweza kupanda mpaka Ryzen 7 5800X3D kwenye madabodi ile ile akishapandisha BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi. Gemu nacheza mimi, najua ninachosema.

Ila kuhusu pawa saplai za bure nakazia. Zile ni bomu.

Fundi Ligula

Mwana Kilwa, mpango wako ningeusaini miaka miwili nyuma. Sasa hivi piga hesabu.

Vega ya 5600G haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima kwenye RAM. Ukiweka kijiti kimoja umekata njia nusu, picha inadorora. Kwa hiyo ni lazima vijiti viwili, 8 na 8. Na RAM ndiyo imepaa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vimeelekeza chipu kwenye seva za akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron walitangaza wanaachana na Crucial, jina ambalo wengi wetu tumelizoea kwenye RAM na SSD. SSD nazo zinafuata mkondo huo huo. Mpaka umalize prosesa, madabodi, vijiti viwili na SSD, hela ya pawa saplai nzuri haipo, ya UPS ndiyo usiulize.

Mashine ya ofisi inakuja na RAM na SSD tumboni, na wauzaji wengi bado wanauza mashine nzima kwa bei ya zamani. Hapo ndipo pa kuokoa. Hata ukiitazama kwa ukatili, kuna siku RAM iliyo ndani yake itauzika peke yake kwa hela ya maana.

Kufungwa kwake nakubali. Ndiyo maana nimesema kasha pana, sio lile jembamba.

Binti Tandahimba

Kaka fundi na kaka wa Kilwa mmegombana kuhusu gemu na umeme, mimi niongelee kazi aliyoileta mwenye uzi, maana ndiyo inayoniweka mjini.

Mimi nahariri harusi na sherehe huku Tandahimba na Newala kwa i5-8500, RAM GB 16, sina kadi ya picha. Watu wengi hawajui kwamba picha ya ndani ya Intel ina kitengo chake maalumu cha kufungua video unapoihariri na kuifunga unapoitoa, wanakiita Quick Sync. Simu za siku hizi zinarekodi kwa mfumo wa HEVC ili kubana nafasi. Mashine isiyo na kitengo hicho, video ya HEVC ukiiweka kwenye Premiere inaruka ruka kama redio mbovu, prosesa inapiga asilimia 100 na feni inalia. UHD 630 ya kizazi cha 8 inaifungua yenyewe, hata ile ya biti 10, prosesa inabaki inapumua.

Sasa mwenye uzi sikia hapa. Hiyo GT 1030 uliyoiandika haina kitengo cha kufunga video kabisa. Ungeilipa laki mbili, na kwenye kutoa video isikusaidie chochote. RX 6400 nayo wanaipenda kwa sababu ni fupi na haihitaji waya wa ziada, lakini nayo haina. Kama siku moja utaweka kadi kwa ajili ya kazi, ianzie GTX 1650.

Na GT 1030 zenyewe ziko mbili zenye jina moja. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine DDR4, na hiyo ya DDR4 kasi yake ya kumbukumbu ni kama theluthi moja tu ya mwenzake. Boksi linafanana, bei inafanana. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui anauza ipi.

DaVinci Resolve sahau kwa sasa, ile inaishi kwenye kadi ya picha. Tumia Premiere, na video za 4K zitengenezee kwanza nakala nyepesi, hariri kwenye nakala, mwisho programu inarudi kwenye video halisi. Zoea hilo na i5 itakubeba.

Halafu nafasi. Video ya 4K ya megabiti 50 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 22. Kamera mbili, sherehe kuanzia asubuhi mpaka wanapowatoa wali wa unyago, SSD ya 256 inajaa kabla hujagusa kazi ya pili. SSD iwe ya Windows, programu na kazi ya wiki hii tu. Kazi zilizokwisha zihamie kwenye hadi diski (hard disk) ya TB 1.

Kijana wa Chikongola

Dada umenifungua macho, ahsante sana. Kadi nimeifuta kwenye orodha.

Nimezungumza na muuzaji wa mitumba Dar kwa simu ya video leo mchana. Ana tatu zinazonivutia, zote mashine tupu bila kioo:

Dell OptiPlex 7060 ya kasha jembamba, i5-8500, GB 8, SSD 256, anataka 480,000.

Dell OptiPlex 5060 ya kasha pana, i5-8500, GB 8, SSD 256, anataka 560,000.

Dell OptiPlex 7050 ya kasha jembamba, i7-7700, GB 16, SSD 256, anataka 470,000.

Moyo unaniambia ile ya mwisho. Ni i7, RAM imeshakamilika, na ndiyo ya bei ndogo. Kuna kitu sikioni?

Mnachingwea

Kipo. Kizazi cha 7.

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hiyo i7-7700 imeachwa mlangoni kwa kizazi kimoja tu, ndiyo maana zimemwagika sokoni kwa bei hiyo. Makampuni ya Ulaya yanazitoa kwa mafungu, sisi tunaletewa.

Kuna njia za kuilazimisha, najua mtasema. Zinafanya kazi mpaka siku sasisho kubwa linapogoma na wewe una harusi ya kukabidhi Jumatatu. Kwa mtu wa kuandika barua ningesema ichukue uweke Linux. Kwa mtu wa Premiere hapana.

Na hilo neno i7 lisikupumbaze. i7-7700 ina viini 4 na nyuzi 8. i5-8500 ina viini 6 kamili. Kwenye kutoa video hiyo i5 haidaiwi kitu na ile i7.

Kuna mtego mwingine kwa wanaopanga "nitanunua ya kizazi cha 7 halafu nibadilishe prosesa". Soketi zote mbili zinaitwa LGA1151, pini idadi ile ile, inaingia na kukaa vizuri kabisa. Haiwaki. Madabodi za kizazi cha 6 na 7 hazipokei cha 8.

Mwana Kilwa

Kwenye hizo tatu, hata mimi ninayependa vipuri vipya ningechukua 5060 kasha pana. Tofauti ya elfu themanini usiionee huruma.

7060 jembamba pawa saplai yake ni wati 200, na inapokea kadi fupi tu, zile za nusu kimo (low profile). GTX 1650 fupi zipo lakini ni adimu na wanaouza wanajua ni adimu. Kasha pana lina wati 260, linapokea kadi ya kimo cha kawaida. GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada inakula wati 75 kutoka kwenye madabodi. Prosesa 65, hapo bado una nafasi ya kutosha.

Angalizo kwa baadaye: usinunue GTX 1050 Ti kwa sababu tu ni rahisi. NVIDIA wameshaacha kuzitolea draiva mpya za gemu tangu Oktoba 2025, zimebaki kupata marekebisho ya usalama tu. Na RX 580 za bei ya kutupa nyingi zimetoka kwenye kuchimba sarafu za mtandaoni, zinakula wati 185, pawa saplai ya Dell haiziwezi hata kwa dawa.

Mpira wa jioni: PES 2017 itacheza kwa picha ya ndani bila shida. Mipya punguza ubora, na usitegemee miujiza. Kwa gemu bado nasimama na 5600G, hilo sibadilishi.

Mzee wa Mikindani

Vijana, salaam.

Nyote mmeongea vizuri, lakini mnaongea kama watu wanaokaa Dodoma. Hapa kwetu kuna bahari. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa nakala hatua chache kutoka ufukweni. Mashine zangu hazifi kwa uzee, zinakufa kwa kutu. Fungua kasha, tazama skrubu zinazoshika kadi kwa nyuma na zile fremu za matundu ya USB. Zikianza unga wa kahawia au weupe, ujue chumvi imeshaingia.

Dirisha la upande wa bahari lisitazamane na feni ya mashine. Usiiweke sakafuni. Iwashe mara kwa mara, mashine inayofanya kazi inajikausha kwa joto lake. Iliyolazwa miezi mitatu chini ya nailoni ndiyo inayooza, maana unyevu umefungiwa humo humo. Kitambaa cha pamba kinatosha, na uifunike ikishapoa. RAM ikianza kusumbua, mashine inawaka bila picha, ichomoe usugue meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, taratibu, upepeze vumbi la raba kabla ya kurudisha.

Binti wa Tandahimba, huko kwenu wakati wa kupuliza korosho funga madirisha ya chumba cha mashine. Salfa ile inafanya shaba na fedha kuwa nyeusi, na ndani ya kompyuta viungo vingi ni hivyo.

Binti Tandahimba

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, mwezi wa saba huku hata kibodi inakuwa ya njano. Mimi huwa nabandika soksi nyembamba ya kike kwenye matundu ya mbele inapovuta hewa, naifua kila Jumapili.

Mzee wa Mikindani

Marahaba binti yangu. Hiyo ya soksi nimeichukua.

Fundi Ligula

Mzee ameleta jambo ambalo sisi mafundi tunasahau kulisema. Naongeza moja la umeme: ethi.

Ukigusa kasha la chuma kwa nyuma ya mkono ukahisi kama linakuchoma choma au linatetemeka, soketi yako haina ethi, au kuna mtu ametumia kile kichwa cha pini mbili. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazopeleka umeme mdogo kwenye ethi. Ethi isipokuwepo, umeme huo unakaa kwenye kasha unakusubiri wewe. Kwa kawaida haukuui, lakini siku unachomeka printa au kamera kwa USB unaweza kuunguza tundu. Nyumba nyingi za kupanga Chikongola na Magomeni soketi zina matundu matatu na nyuma yake waya ni mbili. Mwite fundi umeme aangalie kabla mashine haijafika.

UPS: ya VA 650 inakutosha. VA sio wati, hiyo kwa kawaida ni wati 360 hadi 390. Mashine yako na kioo kwenye kazi nzito havitafika hata nusu yake. Ndani ina betri moja ya volti 12, mara nyingi ya Ah 7. Usitegemee kumalizia harusi humo, ni dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata kwa bahati mbaya, inapopasha moto inavuta wati nyingi kwa mpigo. Na umeme ukikatika, zima ukutani. Ukirudi, subiri utulie ndipo uwashe.

Mnachingwea

Kuhusu LUKU, maana hakuna aliyeigusa. Mashine kama hiyo ya i5-8500 bila kadi, pamoja na kioo, kwenye kazi mchanganyiko weka wati 60. Saa sita kwa siku ni uniti 0.36, mwezi ni kama uniti 11. Kwa 356 kwa uniti, haifiki elfu nne. Mashine ya gemu inayokula wati 250 kwa saa zile zile ni uniti 45, elfu kumi na sita. Kwa anayekaa nyumba ya mita moja wapangaji wanne, hiyo ni kesi ya kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kijana wa Chikongola

Nimeshawishika na 5060 kasha pana. Sasa mimi niko Mtwara, mashine iko Dar. Sina ndugu anayejua kompyuta kule. Namwambia muuzaji anionyeshe nini kwenye simu ya video?

Fundi Ligula

Mwambie aizime kabisa, kisha aiwashe huku unaangalia. Aingie BIOS kwa F2. Pale utaona jina la prosesa, ukubwa wa RAM na kama iko kwenye tundu moja au mawili. Ikiomba neno la siri kuingia BIOS, achana nayo, hata akikuambia "hilo dogo, fundi wako atalitoa". Mashine za makampuni zinafungwa kwa neno la siri, na kuna zilizofungwa kwa mfumo wa kufuatilia vifaa vilivyoibwa. Tazama saa ya BIOS pia. Ikionyesha mwaka wa ajabu, betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Hiyo ni ya bei ya soda, sio sababu ya kukataa, lakini ni sababu ya kuomba punguzo.

Ikishawaka Windows, afungue CrystalDiskInfo akuonyeshe afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Chini ya asilimia 80 mwambie abadilishe. Kisha acheze video ndefu ya 4K huku mnaongea mengine. Usikate simu. Mashine yenye pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwenye prosesa itaanza kupiga kelele mkiwa mnaongea.

Mwisho afungue ubavu, asogeze kamera. Kapasita zilizovimba kichwani utaziona. Kutu ya mzee utaiona. Na usome lebo ya pawa saplai kwa macho yako.

RAM ya kuongeza chukua hapo hapo kwake, kijiti kingine cha GB 8 DDR4 kilichotolewa kwenye mashine kama hiyo. Usidanganywe ulipie zaidi kwa ya 3200, i5-8500 itaiendesha kwa 2666 tu. Na aangalie ni ya kompyuta ya mezani, ya laptopu ni fupi haiingii.

Mwana Kilwa

Kwenye usafiri: asitume kwenye boksi la karatasi lililofungwa kamba tu. Barabara ya kusini unaijua, na baada ya mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024 zilizokata barabara huku kwetu Somanga, kuna vipande basi linarukia vilivyo. Hadi diski kama ipo aichomoe, aifunge peke yake kwenye sponji. Feni kubwa ya prosesa aikague skrubu zake zote nne zimekaza. Boksi liandikwe kompyuta, na wewe upate picha ya risiti ya mzigo kabla basi halijaondoka. Na usikubali liwekwe buti ya chini karibu na madumu au samaki.

Kijana wa Chikongola

Wakuu, nimefunga hesabu:

OptiPlex 5060 kasha pana, 560,000. Kijiti cha pili cha GB 8, amekubali 95,000. UPS ya VA 650 nimeiona hapa hapa Mtwara mjini, 140,000. Usafiri na kufungia, 20,000. Jumla 815,000. Inabaki 35,000 ambayo nampa fundi umeme wa ethi. Hadi diski ya TB 1 itasubiri kazi ya kwanza ikilipwa, mpaka hapo nitahamishia kwa shemeji.

Simu ya video na muuzaji ni kesho asubuhi. Kuna kilichobaki?

Binti Tandahimba

Muulize Windows imewashwa kihalali au ni ya kuvunja. Mashine za Dell za aina hiyo nyingi zilitoka kiwandani na leseni, na leseni inakaa kwenye madabodi. Ukiweka Windows 11 upya ya aina ile ile inajitambua yenyewe ukiunga intaneti. Kwa hiyo ikishafika, futa kila kitu usakinishe upya. Usihariri kazi za watu juu ya Windows ya mtu usiyemjua.

Fundi Ligula

Na waya wa umeme wa pini tatu aweke, wenye fyuzi ndani ya kichwa. Wanapenda kuutoa wauze peke yake. Kioo chako kina tundu gani? 5060 kwa nyuma ina DisplayPort, wengine wana HDMI na wengine hawana. Kama kioo ni cha VGA, nunua kigeuzi hapo hapo Kariakoo, huku bei yake ni mara mbili.

Kijana wa Chikongola

Ni VGA. Namwandikia sasa hivi.